Kisa cha Woodsman: bastola nyepesi, bega bovu na mgongo ambao hakuna aliyeupapasa

Nianze na fedha, maana ndilo swali la kwanza kila mtu analoniuliza. Bastola ilinunuliwa kwa dola 585. Hadi siku ilipopiga risasi 90 mfululizo bila kukwama, ilikuwa imekula dola 855. Hizo dola 270 za katikati ndizo kisa chenyewe.

Mhusika ni rafiki yangu, mtu wa Tanga, ana miaka kumi na minne hapa Ohio, dereva wa foklifti kwenye ghala. Nitamwita jamaa. Bega lake la kulia liliumia kazini na halikurudi sawasawa. Akiinua mkono kwa muda mrefu linaanza kuwaka moto taratibu. Kulenga shabaha alialikwa na mfanyakazi mwenzake, akaenda kwa udadisi, akanogewa. Mtu aliyekulia kwetu, ambako bunduki ni ya polisi, ya mlinzi wa benki, au ni gobore la babu la kufukuzia ngedere shambani, huchukua muda kuzoea kwamba kuna wazee wanaoamka alfajiri ya Jumamosi na chupa ya kahawa kwenda kutoboa karatasi. Akishazoea, basi, humtoi.

Mchezo wao ni wa mkono mmoja. Unasimama ubavu kidogo, mkono wa pili mfukoni, bastola inanyooshwa mbele. Mashindano kamili ni risasi 90 kwa alama 900. Zipo za polepole: risasi 10 kwa dakika 10, umbali wa yadi 50, yaani kama mita 46. Kisha mnasogea yadi 25: risasi 5 kwa sekunde 20, halafu 5 kwa sekunde 10. Mduara wa kumi una upana wa sentimita 8 na nusu hivi. Ukiwa yadi 50 unaukisia zaidi kuliko kuuona.

Klabu ilimwazima Smith & Wesson Model 41, bastola ya kuheshimika, nzito kupita kilo 1.1. Siku tuliyompimia, risasi 20 za mwanzo, zile za polepole, alipata 160 kati ya 200, na kwa mgeni hiyo si haba. Zilizofuata 30, za mchanganyiko wa aina zote tatu, akapata 218 kati ya 300. Zile za sekunde 20 zikampa 137 kati ya 200. Za mwisho, za sekunde 10, zikampa 121. Jumla 636. Karatasi zake ukizipanga kwa mfuatano unaona bega likichoka: matundu yanashuka, yanatawanyika, la mwisho liko nje kabisa ya duara nyeusi.

Hivyo akaamua anataka bastola nyepesi. Hapo sikumpinga. Nilimpinga alipotaja ipi.

Alikuwa ameiona mkononi mwa mzee mmoja pale klabuni: Colt Woodsman ya zamani, mtutu mwembamba kama kalamu, mshikio umelala kidogo kama unakukaribisha. Ina uzito wa takribani gramu 800. Nilimwambia, kaka, leo kuna bastola mpya za .22, yaani za risasi ndogo, zenye fremu ya aluminiamu, nyepesi hata kuliko hiyo, vipuri vyake vinauzwa kila duka, na kitu kikivunjika unapiga simu kiwandani. Akanitazama kama nimemwambia aoe kwa sababu mwanamke ana friji. Basi, mapenzi hayana hesabu. Lakini niliandika pembeni kwamba hapa ndipo gharama ilipoanzia.

Kwa asiyeijua: iliundwa na John Browning, ikaanza kuuzwa na Colt ya Hartford mwaka 1915 kama bastola ya shabaha ya .22, bila jina la maana. Jina Woodsman lilikuja 1927, na Browning alikuwa amefariki Novemba 1926, kwa hiyo mwenyewe hakuwahi kuliona jina hilo kwenye chuma. Ilitengenezwa hadi 1977. Haikufa kwa ubaya. Kila moja ilichongwa kutoka kwenye kipande kizima cha chuma, kazi ya mashine nyingi na mikono mingi, na mwaka 1949 Ruger walitoa bastola ya .22 yenye fremu ya mabati mawili yaliyopondwa na kuchomelewa, wakaiuza dola 37 na senti 50. Colt hawakuwa na namna ya kuchonga kwa bei hiyo. Miaka ishirini na minane baadaye wakaacha.

Aliipata kwenye mnada wa mtandaoni, muuzaji yuko jimbo jingine. Picha zilikuwa nne, zote za upande wa kushoto. Maelezo: rangi ya kiwandani, inafanya kazi vizuri, magazini (visanduku vya risasi) mbili. Mnada wa Pugu mtu hanunui mbuzi kwa kumwona ubavu mmoja. Humshika taya akaangalia meno, akampapasa mgongo kuona kama mfupa umejitokeza. Jamaa amekulia kwa watu wanaojua hivyo. Lakini mtandaoni, saa ya mnada inahesabu sekunde, akasahau kwamba ana haki ya kuomba picha ya upande wa pili. Akashinda kwa 585, na 40 za kusafirisha.

Karatasi zilikwenda salama, nazitaja kwa ajili ya ndugu wanaoniuliza. Bastola haitumwi nyumbani kwako kutoka jimbo jingine. Inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lako, nawe unakwenda kujaza Fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, mbele yake. Jamaa ana grinikadi, kwa hiyo anaruhusiwa, na fomu inamtaka aandike namba yake ya uhamiaji. Aliye hapa kwa viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki kabisa, isipokuwa misamaha michache kama ya mwenye leseni ya kuwinda. Asijaribu kwa sababu amemwona rafiki amenunua. Ukaguzi wa jina haukujibu siku ile ile. Jibu likaitwa kuchelewa, na jamaa, ambaye jina lake analichangia na nusu ya pwani yetu, hakushangaa. Siku tatu za kazi zikapita, akaitwa. Ada ya dukani dola 30.

Nilikuwepo alipofungua boksi, na upande wa kulia ukajisema wenyewe. Rangi ilikuwa nzuri mno. Chuma cha karibu karne moja hakiwi cheusi hivyo kila mahali. Ukiinamisha chini ya taa, herufi za kiwandani upande ule zilikuwa zimefifia katikati, kama sabuni iliyooshewa mara mbili, na tundu za skrubu kingo zake zimeingia ndani kidogo. Hiyo ni alama ya mtu aliyesugua kutu kwa gurudumu kisha akapaka rangi upya. Kwa mkusanyaji, thamani imeshuka nusu. Kwa mpigaji haina neno, ikiwa bei inalingana. Haikulingana sana, lakini tukasonga mbele.

Jina Woodsman lilikuwa juu yake, kwa hiyo haikuwa kabla ya 1927. Namba yake ilikuwa chini ya 83,000. Hilo la namba tungelitilia maanani siku ile ile, tusingekuwa na kisa. Sisi tuliliona kama tarehe ya kuzaliwa tu.

Jumamosi jamaa alikuja na boksi la risasi alilonunua kwa bei nafuu, zile za kasi. Zilizomo ndani ya duka la kawaida ndizo hizo kwa wingi. Risasi 10 za kwanza zilitoka. Ya 11 ikakwama, ganda limesimama wima limebanwa kwenye tundu la kutolea maganda. Ya 17 vilevile. Sauti yake ilinisumbua: kila mlipuko ulifuatwa na mgongano mkavu wa chuma kwa chuma, "tak", nyuma karibu na mkono. Alipofika risasi ya arobaini hivi, yule mzee mwenye Woodsman akaacha kahawa yake akaja.

"Mwanangu, weka chini kwanza. Toa magazini. Hebu nishike mgongo wake."

Hakuangalia. Alipitisha kidole gumba pale nyuma, juu ya mshikio, mahali panapokaa kwenye uwazi wa kiganja kati ya gumba na shahada. Akanipa nami nipapase. Palikuwa na mikwaruzo ya kukatizana, vijialmasi vidogo kama vya mkeka. Kisha akachukua ya kwake, nayo nikaipapasa pale pale: mistari ya kulala tu, sambamba, kama ngazi.

Tofauti hiyo ndiyo moyo wa jambo. Bastola hizi za .22 hazina kufuli nyuma ya mtutu. Mlipuko ukitokea, kinachozuia ganda kuruka usoni kwako ni uzito wa slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, na nguvu ya springi peke yake. Slaidi inasukumwa nyuma na ganda lenyewe, inalitupa, inarudi na risasi mpya. Nyuma kabisa slaidi inagota kwenye kipande cha chuma kinachobeba springi ya nyundo, kipande ambacho kwa nje ndicho huo mgongo. Browning alipoiunda, risasi ya .22 ilikuwa ya kasi ya kawaida, kama mita 325 kwa sekunde. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 viwanda vikatoa risasi za kasi, zinazofika mita 380 hivi. Slaidi ikaanza kurudi kwa hasira. Mwaka 1932, kwenye namba za 83,000 na ushei, Colt wakabadilisha kipande cha mgongo, wakakiimarisha kwa moto, na ili mtu akitambue bila kufungua wakakichora mistari ya kulala badala ya vijialmasi. Mtu aliyejua hivyo angehitaji picha moja ya nyuma kabla ya kulipa. Au angesoma namba.

Tulipokifungua, pale slaidi inapogota chuma kilikuwa kimevimba ukingo, kama kichwa cha patasi ya zamani iliyopigwa nyundo miaka mingi. Risasi zetu arobaini hazikufanya yote hayo. Wengine kabla yetu walikuwa wamepiga za kasi, pengine maboksi kwa maboksi, kisha bastola ikasuguliwa, ikapakwa rangi, ikapigwa picha ubavu mmoja.

Kumrudishia muuzaji au kubaki nayo? Hapa ndipo tulipobishana kweli. Mimi nilisema irudi. "Rangi ya kiwandani" ulikuwa uongo unaoonekana kwa macho, na muuzaji alikuwa ameahidi siku tatu za ukaguzi. Lakini sharti lake lilikuwa bastola isiwe imepigwa, na jamaa alikuwa amepiga arobaini. Alimwandikia hata hivyo. Jibu lilikuwa fupi na la baridi. Mzee alikuwa na mawazo tofauti na yangu, na nakiri yake yalikuwa na uzito: mtutu ulikuwa msafi, michirizi ya ndani inang'aa mpaka mwisho, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, haina jeraha. Vitu viwili visivyopatikana tena, fremu na mtutu, vilikuwa vizima. Kilichoharibika ni kile kinachobadilishika. Colt wenyewe waliwahi kuwauzia wenye bastola za zamani kipande kipya cha mistari, na vingine bado vinazunguka mikononi mwa watu wanaouza vipuri vilivyovuliwa. Akampata mmoja: dola 65. Springi mpya, 25.

Makosa yalikuwa yangu pia, niyaseme. Nilikaa dakika ishirini nikichambua herufi zilizofifia, nikijiona mjuzi, bila hata mara moja kuuliza bastola hii inakula risasi gani.

Fundi bunduki aliweka kipande kipya kwa nusu saa. Jamaa akanunua risasi za kasi ya kawaida, zilizoandikwa hivyo kwenye boksi, na ndizo anazotumia hadi leo hata kama mgongo mpya unavumilia zile nyingine. Kwa shabaha hazina hasara. Zinatoka chini ya mwendo wa sauti na zinabaki hivyo njia nzima. Ile "tak" ikatoweka.

Kukwama hakukutoweka.

Tukachukua magazini zote mbili tukazikwaruza namba kwa msumari chini, moja na mbili. Kila ilipokwama tuliandika ni ipi. Baada ya risasi mia moja ilikuwa wazi: namba mbili ilikwama mara tisa, namba moja mara mbili. Midomo ya namba mbili ilikuwa imefunguka. Ukitia risasi unaona kichwa chake kinachungulia juu kuliko jirani yake. Kuna watu hukunja midomo hiyo kwa koleo. Wengine wao hufaulu. Sisi hatukuthubutu, kwa sababu magazini ya Woodsman si ya kuokota: Colt waliitoa bastola kwa matoleo matatu, la kabla ya 1947, la kuanzia 1947 na la kuanzia 1955, na magazini haziingiliani zote, kwa hiyo ukinunua hovyo unapata pambo la kabati. Alinunua mbili za aina yake sahihi, dola 55 kila moja. Jumla yake ikafika 855. Ile ya namba mbili inakaa kwenye mfuko wa begi na utepe mwekundu, ya kufanyia mazoezi ya kukwamua.

Ikabaki kupiga. Saiti za bastola hii, vile vipande vya kulengea, zina tabia yake: ya nyuma inasogea kushoto na kulia, ya mbele ndiyo inayopanda na kushuka. Risasi zilikuwa zikigonga sentimita 12 chini ya duara. Jamaa akaipandisha ya mbele, akapiga, zikashuka zaidi. Akaipandisha tena. Kwenye bastola ambazo saiti ya nyuma ndiyo hupanda, unaipandisha ili risasi zipande. Kwenye ya mbele ni kinyume, unaishusha, kwa sababu ili jicho liione ikiwa sawa mkono lazima uinue mtutu. Alipoelewa alicheka mwenyewe mpaka mlinzi wa uwanja akageuka.

Zikapanda, lakini zikaanza kulala chini kushoto. Sasa si saiti, ni kidole. Tulipima triga kwa njia ya jikoni. Bastola tupu, imekaguliwa mara mbili, ganda lililokwisha kutumika limewekwa kwenye chemba, kwa sababu pini ya risasi hizi hupiga ukingo na ikikosa ganda inaweza kugonga chuma cha chemba yenyewe. Mtutu juu, kamba kwenye triga, chupa ya lita moja na nusu inaning'inia, unajaza maji taratibu. Chupa ilijaa hadi shingoni, triga kimya. Tukafunga kichupa cha pili. Ikaachia maji yalipofika lita 1.7.

Weka hesabu hiyo kando ya uzito wake. Kidole kinavuta kilo 1.7 kwenye kitu cha gramu 800. Model 41 ya klabu ilikuwa na triga ya kilo moja na ushei kwenye mwili wa kilo 1.1, kidole kikikosea kidogo, chuma kinakataa kusogea. Woodsman haikatai. Kidole kikisukuma kushoto kiasi cha unene wa karatasi, inakwenda nacho. Ndiyo sababu wanaosema bastola nyepesi "haipigi sawa" wanakosea kidogo. Bega linashukuru wepesi. Kidole ndicho kinachoaibika. Yadi 50 zina mtutu mmoja tu wa kulaumiwa, na ule mtutu hauna kosa: kwenye mfuko wa mchanga risasi kumi zilikaa ndani ya duara la kumi isipokuwa moja.

Mazoezi yalikuwa ya nyumbani, jioni, ukutani, ganda chemba, bila risasi chumbani humo kabisa. Mara thelathini kila siku, analenga ukuta mweupe usio na alama, anatazama saiti ya mbele tu kuona kama inaruka triga ikiachia. Wiki ya kwanza iliruka kila mara. Mkewe alimwambia Wamarekani wamemroga. Wiki ya tano iliruka mara nne kati ya thelathini.

Tukampima tena, mashindano kamili ya risasi 90, hali ya hewa kama ya siku ile ya kwanza, upepo kidogo zaidi. Polepole alipata 148 kati ya 200, pungufu ya alama 12 kwa ile nzito. Kwenye 30 za katikati akapata 222. Za sekunde 20 zikampa 152. Za sekunde 10, pale alipokuwa akiporomoka, 139. Jumla 661 badala ya 636. Karatasi za mwisho zilifanana na za kwanza. Hakuna palipokuwa na bega.

Kwa hiyo tunapobishana sasa, tunabishania triga. Kanuni za mchezo zinaruhusu bastola ya .22 kushuka hadi pauni 2, kama gramu 900. Fundi anasema anaweza kuifikisha kilo 1.2 kwa kung'arisha pale nyundo inaponasa, dola 90. Jamaa anataka. Mimi nasema zile nyuso ni za miaka ya 1920, ngozi yake ngumu ni nyembamba, ukiisugua ikaisha umebaki na chuma laini na bastola itakayoachia siku isiyotakiwa, na nyundo ya kubadilisha si kama kipande cha mgongo, haiokotwi kwa dola 65. Mzee hasemi kitu. Juzi alikuja, akaichukua, akapitisha gumba kwenye ile mistari ya kulala, akauliza kama jamaa angeiuza. Jamaa akamwambia amuulize tena wiki ijayo, baada ya kuonana na fundi.